Tuta la reli lililonirudisha kwenye baiskeli

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni jambo gani uliloliacha kwa hofu, na nini kilikurudisha? Langu ni baiskeli. Kilichonirudisha ni tuta la reli ya zamani huko Bourgogne, Ufaransa. Naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana watu wakisikia habari hii hunisifu ujasiri. Ujasiri sikuwa nao. Njia ndiyo iliyofanya kazi.

Baiskeli nilijifunza Nachingwea nikiwa darasa la tatu, kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu, maana kiti cha baiskeli ya baba kilikuwa kirefu kunizidi. Niliendesha hadi utu uzima. Halafu mwaka 2008, nikifundisha Dar es Salaam, kioo cha pembeni cha daladala kilinipiga bega la kulia, nikaangukia mtaroni. Mtulinga ulivunjika. Gari halikusimama. Mfupa uliunga baada ya wiki chache, lakini kila niliposikia injini nyuma yangu mabega yalipanda yenyewe hadi masikioni, hata nikiwa natembea kwa miguu. Baiskeli niliigawa.

Mwaka jana, baada ya kustaafu, nilikwenda kumtembelea binti wa kaka yangu anayeishi Lyon. Bila kuniambia, alikuwa amekwisha kodi baiskeli mbili za siku nne.

"Shangazi, tunakokwenda hakuna magari," akaniambia.

Sikumwamini. Nilikubali kwa sababu alikuwa amekwisha lipa, na kwa sababu ni mwanangu.

Tulipakia baiskeli kwenye treni ya mkoa, na chini ya saa moja tukashuka Mâcon. Kutoka mjini tulizisukuma kwa mguu mpaka njia inapoanzia, Charnay-lès-Mâcon. Wafaransa wanaiita voie verte, njia ya kijani, na si jina la kupambia tu. Tangu 2004 sheria yao ya barabarani inaitambua kama aina ya barabara inayojitegemea, iliyotengwa kwa vyombo visivyo na injini, waenda kwa miguu na wapanda farasi. Kipande cha kwanza nchini kote ndicho hiki tulichokifuata, kutoka Givry hadi Cluny, kilomita 44, kilichofunguliwa mwaka 1997 juu ya reli iliyoachwa. Baadaye wakakirefusha kusini kuelekea Mâcon.

Sasa niseme juu ya vilima, maana ndivyo vilivyonitisha nilipotazama dirishani mwa treni. Nchi ile imekunjamana. Mizabibu imepanda miteremko, vijiji vimekaa vileleni, ng'ombe weupe wamesimama kwenye malisho yaliyolala upande. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja utampandisha vipi huko? Lakini treni ya zamani nayo haikuweza kupanda. Garimoshi likikuta mwinuko mkali magurudumu ya chuma yanateleza, kwa hiyo wajenzi walilazimika kuchonga kila kilima na kujaza kila bonde mpaka mstari ukawa karibu bapa. Kazi hiyo yote, ya watu waliokwisha kufa zamani, sasa ni mali ya mwendesha baiskeli. Unapita katikati ya vilima na miguu haijui. Mwinuko niliutambua kwa pumzi tu. Nilikuwa nikiongea na binti yangu, nikaona sentensi zangu zimekuwa fupi.

Na tuta nalijua. Nachingwea tulikuwa na reli iliyojengwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, ikishuka hadi bandarini Mtwara. Ilifungwa mwaka 1962, kabla sijazaliwa, na vyuma viling'olewa. Baba alikuwa akituonyesha tuta porini, mstari ulionyooka kupita kiasi, akisema, "Hapa palipita treni." Kwa hiyo kule Bourgogne nilipoona ile pinda ndefu ya taratibu, majani yameporomoka pande zote mbili na daraja dogo la mawe chini, moyo uliniambia napajua mahali hapa.

Hofu haikuondoka kwa hayo. Kilomita za kwanza vidole vyangu havikuachia breki. Kila baada ya muda mfupi niligeuka nyuma, na kila nilipogeuka usukani nao uligeuka, nusura niingie majanini. Binti alikaa nyuma yangu kwa makusudi, ili nikigeuka nimwone yeye.

Halafu tukafika Bois Clair. Pale reli ilishindwa kukikwepa kilima, wakakitoboa, na handaki lina urefu wa kilomita 1.6. Wakati wa baridi hulifunga ili popo walale kwa amani, na waendesha baiskeli wakapanda mlima kwa juu. Sisi tulikwenda Juni, likawa wazi. Nje jua lilikuwa linachoma. Hatua chache ndani, jasho lilipoa mgongoni ghafla kama nimevikwa nguo iliyolowa. Kuna taa, lakini mbele zinaungana na kuwa kamba nyembamba isiyoonekana mwisho, na matone ya maji yanadondoka.

Tulipofika kama katikati, nikasikia lori. Ngurumo nzito, nyuma yetu, inakuja na kuongezeka. Najua ninachokisikia: miaka yote ile masikio yangu yalikuwa yakisubiri sauti hiyo hiyo. Niliruka chini, nikaibana baiskeli ukutani, nikafumba macho. Ngurumo ikafika, ikapita, na sauti ya mtoto ikasema "Bonjour!" Nilipofumbua niliona mgongo wa mwanamume na binti yake mdogo wa miaka saba au minane, wote wamevaa viatu vya magurudumu, wanateleza kwa mikono iliyoshikana. Lami ile ni laini, watu wengi huipenda kwa mchezo huo. Ukuta wa handaki ndio ulioikuza sauti.

Binti wa kaka yangu hakucheka. Alisimama, akaniuliza, "Twende, Shangazi, au tupumzike?" Nikasema twende. Tulipotokea kwenye mwanga nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Usiku huo tulilala Cluny, mji wa abasia iliyoanzishwa mwaka 910. Kanisa lake wakati mmoja lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Ulaya, kabla ya kubomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Kilichobaki ni sehemu ndogo, lakini ukisimama chini ya mnara mkubwa uliobaki shingo inauma. Nilikula jibini ya mbuzi, ndogo kama kizibo, nikalala kama mtoto.

Siku ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo ambayo sina kisa chake. Tulifuata bonde la mto Grosne kwenda kaskazini. Chini ya kilima cha Taizé tukasikia kengele za jumuiya ya watawa ya Bruda Roger, ambayo wasomaji wa Nairobi wataikumbuka kwa mkutano wa vijana wa 2008, na wa Kigali kwa ule wa 2012. Kisha Cormatin. Kisha Saint-Gengoux. Stesheni za zamani bado zimesimama kando ya njia. Katika moja tulijaza chupa za maji, tukakaa ukingoni mwa jukwaa huku miguu ikining'inia pale treni ilipokuwa inapita. Vizee wawili wa Kifaransa walipita wakiongea bila kukoma. Njia inapokata barabara ya kijiji kuna vizuizi vya kukulazimisha upunguze mwendo. Hapo tu ndipo niliposhuka.

Karibu na Buxy, mizabibu ikiwa imetukaribia tena, binti akaniuliza saa ngapi. Nikashtuka kwamba tangu asubuhi sijageuka nyuma. Na yeye alikuwa mbele yangu, mbali, na sikujua amenipita lini.

Kutoka Chalon-sur-Saône tulirudi kusini kwa kufuata mto Saône, kwenye njia nyingine iitwayo Voie Bleue, inayotoka mpakani mwa Luxembourg hadi Lyon, kilomita 700 hivi. Hapa hakuna reli. Unapita ukingoni, pale ambapo zamani farasi walikuwa wakivuta mashua za mizigo, ni tambarare kama meza. Mto ni mpana na mvivu. Nilitupa jani nijue unaelekea wapi, na jani lilikaa likifikiri. Niseme ukweli: vipande vingine vya upande huu vinaingia kwenye barabara ndogo za vijijini ambako gari moja moja hupita. Lilipotokea la kwanza mabega yalipanda kama kawaida yake. Lakini yalishuka, na hilo lilikuwa jipya. Tulilala Tournus, na jioni ya nne tulikuwa tumerudi Mâcon. Mzunguko wote ni kilomita 140 na ushei.

Anayetaka kuiiga safari hii aende kati ya Mei na Septemba, kwa sababu mvua za baridi zikizidi Saône hufurika na kufunika njia. Abebe koti kwa ajili ya handaki na tyubu moja ya akiba. Mambo mengine atayapata njiani.

Sasa nipo Mtwara. Nimenunua baiskeli ya mtumba, fundi amenibadilishia mnyororo na breki. Naiendesha saa kumi na mbili asubuhi, kabla bodaboda hazijaamka, hadi soko la samaki na kurudi. Barabara kuu bado sijaiingia. Mwezi ujao kaka yangu atanipeleka Nachingwea, tulitafute lile tuta la baba tuone kama bado linapitika.