Mfalme Omri na jiwe la Moabu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kijana wangu anasema mawe ya kale yanaipinga Biblia kuhusu ufalme wa Israeli. Nimjibu nini?
– Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Mchukue Omri, mfalme wa Israeli. Wafalme wa Kwanza, sura ya 16, inasema alinunua kilima cha Samaria kwa talanta mbili za fedha, akatenda maovu, akafa. Aya chache tu! Lakini Waashuru, dola kubwa ya wakati ule, waliendelea kuiita Israeli nyumba ya Omri hata ukoo wake ulipokwisha kung'olewa. Daftari lako la mkopo, mama, linaonyesha nani anadaiwa, si nani alikesha ziwani. Mwandishi wa Wafalme naye alikuwa na daftari lake: nani alimcha Mungu.

Na mawe pia hujisifu. Mesha, mfalme wa Moabu, nchi jirani ya Israeli, alichonga kwenye jiwe kwamba Israeli imeangamia milele, ilhali ilidumu zaidi ya miaka mia moja baadaye. Jiwe hilo lilipatikana Dhiban, katika Yordani ya leo, mwaka 1868. Linamtaja Omri kwa jina, aliyeitesa Moabu. Kijana asome pia Wafalme wa Pili, sura ya 3: Mesha yuleyule, mfuga kondoo, anaasi.