Usilipe faini ya tochi kabla hujaiona picha

Mleta mada, weka simu chini. Usilipe usiku huu.

Umeandika kwamba ulikuwa unatoka Tanga kurudi Dar na gari lako dogo, ulipopita Mkata ukasimamishwa, ukaambiwa umepigwa tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, ukiwa na kilomita 71 kwa saa kwenye eneo la 50. Kibao cha 50 hukukiona. Ukaandikiwa, ukapewa namba ya malipo ya 30,000. Sasa unataka ulipe kwanza ili deni lisikue, halafu wiki ijayo uende kupinga ukiwa na amani. Umeuliza pia habari za wakili, leseni, bima, na kama gari linauzika likiwa na deni. Mimi nimeganda kwenye hilo la kulipa kwanza, na wanne waliokujibu kabla yangu wamekwambia "lipa tu, ni elfu thelathini". Wamekosea, na mmojawapo anaongea kama yule aliyenimaliza mimi.

Ukilipa, umekiri kosa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inampa trafiki nafasi ya kukuandikia, ukalipa, mambo yakaishia hapo bila hakimu kukuona. Njia hiyo imewekwa kwa anayekubali kosa. Asiyekubali, njia yake ni mahakamani. Hakuna njia ya kati ya kulipa huku umenuna. Mfumo hausomi uso wako, unasoma kwamba namba ya malipo imelipwa, na shauri linafungwa.

Nilikuwa naendesha Kenta, lori dogo la mizigo, ya tajiri mmoja wa hapa Tanga, msimu wa machungwa, Muheza kwenda Dar. Tajiri yule alikuwa muungwana, analipa kwa wakati, posho ya njiani haikatwi. Lakini alikuwa na sharti moja, na tulilisaini: dereva akipatikana na kosa la mwendo, anarudisha funguo. Hakulitunga kwa kupenda ubabe. Gari lake la awali lilipinduka njiani na utingo hakutoka mzima.

Siku hiyo mwenye mzigo alipanda kibini pamoja nami. Tangu Hale anaangalia saa, anapiga simu sokoni, anaambiwa magari mengine yameshaanza kushusha. Tulipoivuka Segera, kwenye kijiji kimoja, tukapungiwa mkono. Afande akaniambia Kenta nyeupe, 78 kwenye 50. Nikamwambia, afande, kwa mzigo huu nilionao, na pale nimepita na gia ya tatu nyuma ya pikipiki ya mkaa, 78 naitoa wapi? Nikaomba picha. Akasema tochi iko kwa mwenzake kule nyuma, picha itatumwa, mtandao unasumbua, nisubiri.

Nilikuwa tayari kusubiri. Nimeshazima gari, nimeshuka, nimekaa kwenye kivuli cha bodi. Hapo mwenye mzigo akateremka.

"Dereva, unatuulia soko. Kubali tuondoke, hela natoa mimi. Ukishalipa ndiyo unapinga vizuri, risiti ndiyo silaha yako. Mimi nina watu, deni linafutwa na hela inarudi."

Akatoa simu, akalipa palepale. Mimi nikasema sawa afande, nimekubali. Tukaondoka.

Naomba niseme kuhusu watu wa namna hii, kwa sababu kila dereva wa mzigo anawajua na bado tunawasikiliza. Yule bwana alikuwa muuza machungwa. Leseni si yake, jina kwenye karatasi si lake, ajira iliyokuwa hatarini si yake. Alichokuwa nacho ni haraka, na haraka yake akaivisha vazi la ushauri. Hakuna alichokijua kuhusu sheria. Alijua tu bei ya gunia ikishuka anapoteza kiasi gani, na kwa hesabu yake 30,000 ilikuwa bei nafuu ya kuninunulia kosa. Namkasirikia mpaka leo na sitaki kuficha.

Tajiri alikuwa na kawaida ya kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni. Akaona: mwendo kasi, limelipwa. Akaniita. Nikamweleza yote, akanijibu kwa upole kabisa, "Lete kitu kinachoonyesha kwamba si wewe."

Nikarudi kule njiani, nikaomba picha, nikaonyeshwa. Nilikaa nayo kwa muda. Kenta nyeupe kweli, lakini imefunikwa turubai la bluu mpaka kwenye bodi. Yangu ilikuwa wazi, machungwa yamefunikwa majani na kufungwa nyavu. Namba ya gari kwenye picha haisomeki hata ukiikuza. Halafu saa. Risiti yangu ya mafuta ya Muheza, ile ya mashine yenye tarehe na saa, ilionyesha kwamba dakika chache tu kabla ya picha ile kupigwa nilikuwa bado nimesimama sheli. Kenta iliyoshiba haitoki Muheza ikaivuka Segera kwa dakika zile, hata umpe nani usukani. Waliimulika Kenta nyingine, wakatoa taarifa ya Kenta nyeupe, na mimi ndiye nilitokea mbele yao.

Ushahidi ninao mkononi. Afande aliyekuwa mezani akautazama, akanirudishia risiti, akasema, "Hii ungeileta kabla hujalipa. Hapa umekubali kosa."

Tajiri naye akaitazama, akaniamini, na bado kazi ikaisha. Mteja aliyekuwa akimpa mizigo mikubwa alitaka rekodi za madereva, na rekodi ilikuwa inasema dereva amekubali. Maneno ya mdomo hayaingii kwenye rekodi. Nikarudisha funguo. Nilipompigia yule mwenye machungwa kumuuliza hao watu wake wako wapi, akanijibu, "Elfu thelathini si nililipa mimi? Wewe unalalamika nini?" Akakata.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ni elfu thelathini tu", damu inachemka. Wewe huenda huna tajiri, gari ni lako. Lakini unaweza kuomba kazi ya udereva kesho, unaweza kukodisha gari kwa kampuni, na kosa ulilolikubali litakuwa limekaa pale likikusubiri.

Picha kwanza. Kila kitu kingine kinatoka kwenye picha. Huwezi kuamua kulipa wala kupinga jambo ambalo hujaliona, na wewe kwa maelezo yako uliambiwa tu 71, hukuonyeshwa kitu. Hiyo karatasi uliyopewa ina tarehe ya mwisho ya kulipa, iangalie sasa hivi, maana ni kweli ukichelewa deni linaongezeka, hilo waliokujibu hawakudanganya. Ndani ya muda huo nenda kwenye kituo kilichokuandikia, mwone anayehusika na usalama barabarani, useme kwa adabu: hujakubali kosa, unaomba kuona picha kabla ya kuamua. Nenda na karatasi, leseni, kadi ya gari. Usiende na rafiki mwenye mdomo.

Picha ikifunguka usianze na ile namba ya mwendo. Kila mtu macho yanakimbilia pale. Anza na gari. Ni lako? Namba inasomeka yote au ni herufi mbili tatu na mengine ni kukisia? Bati la gari binafsi ni la njano na la biashara ni jeupe, kwa hiyo hata isiposomeka, rangi tu inaweza kukutoa. Tazama kama kuna gari jingine ndani ya picha hiyohiyo, linakupita au linakufuata, kwa sababu swali linakuwa tochi ilimulika lipi. Kisha saa na tarehe. Toa risiti zako zote za siku ile: mafuta, ujumbe wa simu wa malipo ya chakula Kabuku, chochote chenye saa. Ndipo uangalie mahali: picha imepigwa kabla ya kibao au baada yake? Uliza pia tochi hiyo ilihakikiwa lini. Kuuliza si ukorofi, ni haki ya anayetuhumiwa.

Sasa kibao. Umesema hukukiona, na humu kuna waliokushangilia kwamba umeshashinda. Polepole. Kutokukiona na kutokuwepo ni mambo mawili. Na hata kama kibao kilianguka, sheria yenyewe inaweka 50 kwenye maeneo ya makazi, kwa hiyo ukisimama mbele ya hakimu na hoja ya kibao peke yake, huku picha inaonyesha nyumba, maduka na kina mama wanauza machungwa pembeni, utapata tabu. Hoja ya kibao inakuwa na uzito pale unapoonyesha kwamba eneo lilikuwa pori tupu, au kwamba ulishakipita kile cha kumaliza 50. Kama una mtu Mkata, mwombe akapige picha leo, kutokea upande uliokuwa unatoka wewe, kibao kikiwepo au kisiwepo. Leo, kwa sababu kichaka kinafyekwa na nguzo inasimikwa.

(Wenye magari ya biashara yanayozidi kilo 3,500 mnaosoma hapa, hata nje ya makazi kikomo chenu ni 80. Nimeona mmoja juu anajisifu kwa 95 na Kenta. Hilo halina cha kupinga.)

Na picha ikionyesha ni wewe, namba inasomeka, kibao umekipita, 71 ipo? Lipa, tena bila kinyongo. Kwa 72 gari linakwenda mita 20 kwa sekunde moja. Kwa 50 ni kama mita 14. Mtoto akitokea nyuma ya basi, hizo mita sita za kila sekunde ndizo zinaamua. Nimepita barabara ile miaka mingi na vijiji vyake vyote viko mdomoni mwa lami. Sipingi tochi kuwepo. Napinga kubebeshwa mwendo wa mtu mwingine.

Ukiamua kupinga, ujue gharama. Kesi haitakufuata Dar, utaifuata wewe, na tarehe zinaahirishwa. Hakimu hafungwi na ile 30,000, akikutia hatiani anaweza kutoa adhabu iliyo juu ya hapo. Kwa kosa kama hili watu wengi wanajisimamia wenyewe bila wakili. Kinachowaangusha ni mdomo: unasomewa shitaka, unaulizwa ni kweli au si kweli, mtu anajibu "ni kweli mheshimiwa, ila nilikuwa nawahi msiba". Ameshajifunga. Kama si kweli, sema si kweli, kaa kimya, waache walete shahidi na picha. Wao ndio wenye kazi ya kuthibitisha. Zamu yako ikifika, toa risiti.

Na kabla hujafika huko atatokea mtu wa kati. Lazima atokee. Atakwambia mpe elfu kumi na tano atalifuta deni ndani ya mfumo. Huyo ni ndugu wa yule mwenye machungwa wangu, tofauti ni kwamba huyu anakuingiza kwenye rushwa, na sheria ya mwaka 2007 inamkamata mtoaji sawa na mpokeaji. Mpite kama hukumsikia.

Ukifika kituoni ukaambiwa picha haipo, imefutika, au aliyenayo yuko safari, usigombane na usilipe kwa hasira. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, nakala kwa wa mkoa pale Tanga mjini. Weka namba ya gari, namba ya karatasi uliyopewa, tarehe na saa ya kusimamishwa, na sentensi mbili: sikubali kosa, naomba kuonyeshwa picha ya tochi. Peleka kwa mkono kabla ya ile tarehe ya mwisho, na usiondoke mpaka nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.