Achia kwanza: ushauri kwa anayeanza gemu za zamani za mashine

Sarafu ya shilingi 200 ya Uganda ina samaki upande mmoja. Yule samaki namjua vizuri. Nikiwa shule ya msingi pale Busia nilimbana kiganjani jioni nyingi nikingoja zamu kwenye mashine moja ya gemu, dukani karibu na paki ya teksi. Mashine yenyewe haikumeza sarafu. Mwenye duka alipokea samaki wako, akapitisha mkono nyuma ya sanduku, akabonyeza swichi aliyoifunga mwenyewe, na hesabu kwenye kioo ikapanda kwa moja. Dakika mbili hazijaisha, nimeshatolewa, mwingine ameshika fimbo.

Siku hizi gemu zile zile zimerudi. Makampuni yaliyozitengeneza yameziuza upya kwa ajili ya simu, kompyuta na PlayStation, na vijana wengi wananiuliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: mbona napigwa haraka namna hii? Wengine wanadhani wana mikono mizito. Sivyo. Gemu hizi ziliundwa zikae kwenye sehemu za biashara, na biashara ilitaka mchezaji atoke, foleni isogee. Anayebonyeza kila kitu kwa wakati mmoja ndiye zinayemmaliza mapema. Ushauri wangu wote uko hapo: jifunze kuachia. Achia vitufe, achia mafuta, achia mpira.

Mimi nilifundishwa na fundi wa redio aliyekuwa na meza yake nje ya lile duka. Sote tulimwita Fundi tu. Siku moja aliniona nimetoka macho mekundu, akanivutia kigoda.

"Wee kijana, kesho usicheze. Keti hapa uhesabu."

"Nihesabu nini, Fundi?"

"Yule anayeshinda kila mtu, hesabu anaruka mara ngapi. Na ukiona ameruka, angalia anatua wapi."

Ilikuwa The King of Fighters ya 1997, ya kampuni ya SNK, ile ambayo kila mchezaji anachagua wapiganaji watatu na akianguka mmoja anaingia mwingine. Nilihesabu kwa vidole. Bingwa wetu wa mtaa alikuwa anaruka karibu kila mara akitaka kushambulia, na kila mara anatua hatua moja mbele ya mwenzake na teke limeshatoka. Kumbe mtu akisharuka hana namna ya kugeuza njia hewani. Ameshakuambia anakokwenda. Ukiwa umetulia chini, una muda wa kutosha kumpokea kwa ngumi moja nzito. Lakini ukiwa umeshabonyeza jambo lingine kwa pupa, mkono wa mpiganaji wako bado uko nje, anakukuta wazi.

Kesho yake nilimpiga wapiganaji wawili. Wa tatu alinishinda, lakini sarafu moja ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kucheza hapo kabla.

Kwa hiyo ukianza gemu za kupigana, jambo la kwanza kabisa ni kujikinga, tena kabla hujajua hata pigo moja la ajabu. Kwenye Street Fighter II ya Capcom, iliyotoka 1991, na kwenye nyingi zilizoifuata, unajikinga kwa kuvuta fimbo nyuma, upande usio na adui. Ukisimama na kuvuta nyuma, unazuia pigo linalokuja kutoka juu. Ukichutama na kuvuta nyuma, unazuia teke la miguuni. Ukichutama mbele ya mtu anayeruka, teke lake linakuingia kichwani. Na usijifiche humo raundi nzima, maana adui mwenye akili atakusogelea akukamate akubwage, na kubwagwa hakuzuiwi kwa kujikinga. Mchezo wote unazunguka kwenye mambo hayo matatu: pigo linashindwa na kinga, kinga inashindwa na kukamatwa, na anayekuja kukamata anawahiwa kwa pigo. Keti na mwenzako mcheze raundi kumi za namna hiyo tu, bila mioto wala mbwembwe. Utashangaa jinsi mnavyoelewana haraka.

Baada ya hapo chagua mpiganaji mmoja ukae naye. Kwa anayeanza nampendekeza Ryu wa Street Fighter II. Mpira wake wa moto unatoka hivi: fimbo chini, iteleze pembeni kati ya chini na mbele, iishie mbele, kisha ngumi. Kosa ninaloliona kwa karibu kila mtu ni kubonyeza ngumi kabla fimbo haijafika mbele. Unapata ngumi ya kawaida, unakasirika, unazidisha nguvu, vidole vinakakamaa. Fanya polepole. Sema kwa sauti, "chini, mbele, ngumi," na usiiguse ngumi mpaka neno lake lifike. Mpwa wangu aliupata siku moja baada ya kupunguza mwendo nusu, wakati alikuwa ameutafuta wiki nzima kwa haraka.

Mapigo ya kuunganisha, yale yanayofuatana bila adui kupata nafasi ya kujikinga, yaache mpaka baadaye. Hata yenyewe hayakupangwa: Noritaka Funamizu wa Capcom aliyagundua alipokuwa akikagua sehemu ya Street Fighter II ambayo mchezaji anavunja gari, akaona pigo la pili linaingia kabla la kwanza halijaisha. Wakaamua kuyaacha. Leo vijana wanaanzia huko, wanakariri mapigo kumi, na hawajui kusimama. Mapigo mawili unayoyaamini yanatosha kwa miezi yako ya kwanza.

Waliopitia vibanda vya PlayStation wataniambia kuhusu Eddy Gordo wa Tekken 3, gemu nyingine ya kupigana, yule Mbrazili wa capoeira, mtindo wa kwao wa kupigana kama anacheza ngoma. Ni kweli, ukiparaza vitufe vya miguu Eddy anacheza vizuri mwenyewe, na nimeona watu wakishinda mchana kutwa kwa njia hiyo. Nimewaona pia wakikutana na mtu mmoja aliyejikinga, akasubiri mzunguko wa mateke uishe, akapiga. Waliponyimwa ule mzunguko hawakuwa na kingine.

Kwenye magari, kuachia ni kuachia mafuta. Out Run ya Sega, kazi ya Yu Suzuki ya mwaka 1986, inakupa gari jekundu la wazi, gia mbili tu, na barabara inayogawanyika mara kwa mara uchague njia. Wengi wanadhani wanashindana na magari mengine. Hapana, adui ni saa. Magari yale yapo ili uyagonge, na ukigonga vibaya gari lako linapinduka na sekunde zinakwenda huku wewe unatazama. Ajali moja inakugharimu zaidi ya kona tano ulizopita polepole. Kwa hiyo inua mguu kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, kisha kanyaga tena ukiwa ndani yake. Kwenye Daytona USA mambo yanabadilika kidogo: kuna gia nne, na madereva wazuri wanashusha gia kwenye kona kali ili matairi ya nyuma yateleze. Hilo usiliguse kabla hujaweza kumaliza mzunguko mmoja bila kugusa ukuta.

Gemu za michezo nitazipitia haraka kwa sababu zinajieleza. NBA Jam ya 1993 ni mpira wa kikapu wa wawili kwa wawili, kusukumana kunaruhusiwa, na mchezaji akifunga mara tatu mfululizo mpira unawaka moto. Hapo kila mtu anataka awe yeye anayewaka. Mpe mpira mwenzako aliye wazi. Na ukicheza na timu ya Chicago Bulls dhidi ya Detroit Pistons, usitegemee mtupo wa sekunde ya mwisho: Mark Turmell, aliyeongoza utengenezaji wake na ni shabiki wa Pistons, alikiri kwamba aliipanga mitupo hiyo ya Bulls ikose.

Moja tu inakataa ushauri wangu. Track & Field ya Konami, ya 1983, inataka ubonyeze vitufe vya kukimbia kwa kasi yote uliyo nayo. Lakini hata humo, kwenye mita 110 kuruka viunzi, kasi peke yake haikufikishi, lazima ujue lini uinue mguu. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa akitusimulia habari za John Akii-Bua, Mganda mwenzetu aliyekimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82 kule Munich mwaka 1972, rekodi ya dunia na dhahabu ya Olimpiki. Nikiicheza ile gemu ndogo namfikiria yeye, na sioni aibu kusema hivyo.

Sasa mambo ya vifaa. Kioo cha simu hakifai kwa gemu za kupigana, kidole hakijui kilipo. Nunua pedi ya kuchezea gemu, ya waya, hata ya bei nafuu, na kabla ya kulipa zungusha kidole gumba kwenye ule msalaba wa mishale: ukikwama pembeni, rudisha. Kisha ingia kwenye mipangilio uangalie ugumu. Mashine za zamani nazo zilikuwa na vijiswichi vidogo ndani vya kupandisha ugumu, na mwenye duka mmoja mjini kwetu alivipandisha mwisho likizo ya Desemba wakati watoto wana pesa. Tuliona tu kwamba kila mtu amekuwa mbovu ghafla. Ilituuma tulipojua. Wewe leo una ufunguo wa kile kisanduku, anza chini bila aibu.

Jambo ambalo ningekuomba sana: usijipe sarafu zisizoisha. Kwenye matoleo ya sasa sarafu ni kitufe tu, ukifa unabonyeza unaendelea, na unaweza kumaliza gemu nzima bila kujifunza chochote. Jiwekee tatu. Zikiisha, simama, acha mwingine acheze, tazama. Wazazi, Mortal Kombat ya 1992 ina damu na kuua kwa makusudi. Si ya watoto wadogo, iwekeni kando. Na mtoto asicheze mahali ambapo watu wanawekeana pesa juu ya raundi. Nimeona marafiki wawili wakiacha kusalimiana kwa sababu ya elfu mbili.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alipigwa na binti wa jirani, sarafu zote tatu. Nilitegemea atadai ya nne. Akaweka pedi mezani, akasogeza kigoda karibu na kioo, akamtazama yule binti akicheza na kaka yake. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, vidole vinajikunja kimoja kimoja.

"Mjomba," akaniambia bila kugeuka, "ameruka mara tisa."