Maswali ya Wasomaji: Tope la ziwa la mbali na moshi wa zama za kale

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Nilipokuwa nikisomesha habari za uchafuzi wa hewa, niliwaeleza wanafunzi kwamba watafiti waliochimba tope la maziwa ya Sweden wamegundua kuwa hewa ya Ulaya ilibeba vumbi la risasi tangu zama za Warumi. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: Roma wapi na Sweden wapi, na nani aliyeandika tarehe kwenye tope? Sikuwa na jibu la kumtosheleza.
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, Maalim. Mwanafunzi wako anastahiki pongezi, kwani maswali yake mawili ndiyo yaliyowashughulisha watafiti wenyewe kwa miaka mingi.

Tuanze na safari ya risasi, na hapa tunakusudia madini yale yanayotengenezewa chubwi za mishipi, wala si risasi ya bunduki. Warumi waliitafuta fedha, na fedha mara nyingi hupatikana ndani ya mawe yenye risasi nyingi, kwa hivyo walilazimika kuyayeyusha mawe hayo katika tanuri za wazi zisizo na chujio la aina yoyote. Risasi ikipata moto mkali sehemu yake hugeuka mvuke, na mvuke huo ukipoa angani huwa chembe ndogo mno ambazo upepo huweza kuzichukua maelfu ya kilomita kabla ya mvua kuziteremsha. Zilizoangukia ziwani zilizama pamoja na vumbi, majani na mabaki ya viumbe vidogo, zikafunikwa na tope la mwaka uliofuata.

Ziwa la mbali ndilo linalotakiwa kwa sababu ziwa lililo jirani na mgodi husimulia habari za mgodi huo tu. Mtu akichimba tope karibu na Kabwe, kule Zambia, ambako risasi ilichimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi 1994, atasoma historia ya Kabwe. Ziwa lisilo na mji, mgodi wala kiwanda kandokando yake halina njia ya kupata risasi ya ziada isipokuwa kutoka angani.

Hata hivyo, mwamba nao una risasi yake ya asili, na mvua huiteremsha ziwani kila mwaka. Wewe uliyeko Pemba huhitaji maelezo marefu: masika yakishika, maji yanayotoka kwenye vilima vya mikarafuu huwa mekundu kwa udongo. Ikiwa msitu umekatwa na udongo mwingi umeteremka, risasi ya ziwani itaongezeka bila ya tanuri yoyote kuwashwa. Kwa sababu hiyo watafiti hupima pia titani, metali ambayo hutoka kwenye mwamba na haina sehemu kubwa katika moshi wa tanuri. Risasi na titani zikipanda pamoja, ni udongo. Risasi ikipanda peke yake, kuna kilichotoka angani.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni wa isotopu. Risasi ina aina kadhaa zinazotofautiana kwa uzito, na uwiano wa risasi 206 kwa risasi 207 hutegemea umri na asili ya mwamba. Katika tope safi la maziwa mengi ya Sweden uwiano huo hufika 1.5 au hata zaidi, ilhali risasi ya uchafuzi iliyotoka kwenye migodi ya Ulaya ina uwiano wa karibu 1.17. Katika tabaka za zama za Warumi, takriban miaka 2,000 iliyopita, kiasi cha risasi kinapanda na uwiano unashuka kuelekea ule wa migodi. Mambo hayo mawili yakitokea pamoja ni vigumu kuyaeleza kwa njia nyengine.

Sasa tarehe. Yako maziwa ya Sweden ambayo tope lake lina mistari ya kila mwaka, kwa kuwa theluji ikiyeyuka maji huleta mchanga mwembamba, na wakati wa baridi, ziwa likiwa limefunikwa na barafu, hutua vitu vyeusi vilivyo laini. Kuhesabu mistari hiyo ni sawa na kuhesabu miaka. Penye tope lisilo na mistari hutumika saa ya mionzi. Ardhi hutoa gesi ya radoni, gesi hiyo ikaoza hewani hadi kuzaa risasi 210, nayo huanguka ziwani na kupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Ajabu ya mambo ni kwamba risasi hapa ni mshitakiwa na pia ndiyo saa. Saa hiyo inafaa kwa miaka 100 hadi 150 tu. Zaidi ya hapo hutegemewa kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi inayopungua polepole zaidi, iliyomo katika majani na vijiti vilivyozikwa. Kuna pia sizi 137 (cesium), kitu chenye mionzi kilichotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia; kilele chake ni 1963, kwa hivyo tabaka yenye kilele hicho hujulikana mwaka wake.

Katika tope la Sweden risasi inashuka baada ya dola ya Roma kudhoofika, inapanda tena kuanzia karibu mwaka 1000, na inafikia kilele katika miaka ya 1970, wakati petroli iliyotiwa risasi ilipokuwa ikichomwa kila barabara. Baada ya hapo inaporomoka. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zilizoafikiana Dakar mwaka 2001, ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021.

Zebaki ni kisa chengine, kwani husafiri ikiwa gesi na hukaa hewani kwa miezi mingi, hata kuweza kuizunguka dunia. Ndiyo maana tope la maziwa ya Milima ya Rwenzori, huko Uganda, linaonesha zebaki kuongezeka tangu karne ya 19 ingawa hapana kiwanda juu ya milima ile.

SWALI: Je, tope la mikoko ya Chwaka haliwezi kufanya kazi hiyo hiyo?
Msomaji, Unguja

JIBU: Linaweza kwa shida. Maji ya bahari huingia na kutoka mara mbili kwa siku yakileta tope kutoka kwengine, kaa huchimba mashimo yao na kulipandisha la chini juu, na kina mama wanaotafuta chaza nao hulifukua. Atakayejaribu achague pahala pasipofukuliwa, kisha apime risasi 210 kabla ya kupima kitu chengine chochote. Ikiwa mionzi ya risasi 210 haipungui kadiri bomba la kuchotea tope linavyokwenda chini, tope hilo limekwishachanganyika, na ni heri ahamie pengine mapema kabla hajatumia fedha za maabara.