Kabla ya kusugua mdomo wa ekzosi, jua ni chuma gani

Mdomo wa ekzosi ukiuona umebabuka, mara nyingi aliyeubabua ni aliyeusafisha. Masizi makavu ni unga tu, yanaweza kukaa pale muda mrefu bila kula chuma. Asidi inayonyunyizwa kwenye rimu kule magari yanakooshwa, stilwaya la kusugulia sufuria, na kipande cha msasa kilichookotwa kwenye boksi la spana, hivyo ndivyo vinavyomaliza kazi kwa dakika tano. Kwa hiyo anza kwa kuinama na kutazama. Dawa iache kwenye begi kwanza.

Magari mengi madogo ya mitaani kwetu, akina Vitz, IST na Probox, hayana mdomo wa pambo. Ni bomba lililokatwa au kukunjwa chini ya bampa, basi. Bomba hilo halitang'aa kama kioo hata ulisugue mpaka jioni, na sioni sababu ya kulipotezea polishi: toa masizi, toa kutu, lipige rangi ya kuhimili joto. Kazi ya kung'arisha ni ya midomo mipana iliyo wazi kwa nyuma, kama ya Harrier, Forester au Crown, na ile ya kuchomeka inayonunuliwa madukani na kukazwa kwa skrubu.

Midomo hiyo huwa ya stenlesi au ya chuma kilichopakwa kromu, na matunzo yake hayafanani. Stenlesi ni chuma kilekile kuanzia juu mpaka ndani; mkwaruzo wake unaweza kusuguliwa ukaisha. Kromu ni ngozi nyembamba sana iliyolazwa juu ya nikeli, na chini kabisa kuna chuma cha kawaida. Ngozi hiyo ikishatoboka hakuna polishi ya kuirudisha. Kromu ina mng'ao wa kioo wenye ubuluu kidogo, na ikichoka hutoa vipele vya kutu kisha hubanduka maganda. Stenlesi iliyochoka hufifia na kuota madoa ya kahawia, haibanduki.

Wengi hupima kwa sumaku. Inasaidia nusu. Sumaku isiposhika kabisa, kromu juu ya chuma iondoe kwenye hesabu. Ikishika, bado hujajua, maana stenlesi ya daraja la 409, inayotumika sana kwenye ekzosi za kiwandani, nayo hushika sumaku. Hapo ingiza kidole na tochi ndani ya mdomo. Upako wa kromu kwa kawaida huishia sentimita chache tu kutoka ukingoni, na baada ya hapo unakutana na chuma cheusi chenye kutu.

Kuna midomo ya buluu na zambarau. Rangi ile ni utando mwembamba wa oksaidi uliotokana na joto, na polishi huuondoa mara moja. Kama ndiyo uliyoilipia, ioshe kwa sabuni na kitambaa laini tu. Vilevile midomo iliyopakwa rangi nyeusi: polishi ya chuma itaitoa rangi na kukuachia mabaka.

Sasa kabla hujaosha, chukua kitambaa cheupe, upanguse ndani ya mdomo mara moja, halafu ukitazame kwenye mwanga. Hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko mng'ao wenyewe. Masizi mepesi ya kijivu au kahawia iliyokolea ni ya kawaida. Unga mweusi mkavu unaorudi siku mbili baada ya kuosha unaonyesha petroli inaingia nyingi kuliko hewa: filta ya hewa imeziba, plagi zimechoka, nozeli inavuja, au sensa ya oksijeni inadanganya kompyuta. Safari fupi fupi za mjini nazo huleta unga huo, kwa sababu injini ikiwa ya baridi hupewa petroli ya ziada. Injini za kisasa zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hutoa masizi zaidi hata zikiwa nzima, usizitilie shaka bure.

Weusi wenye utelezi, unaoshika kidole kama grisi, ni habari nyingine. Hiyo ni oili inaungua. Angalia kijiti cha oili kila wiki kwa mwezi mmoja. Kikishuka bila kuvuja popote, fundi aanze na sili za valvu na ringi za pistoni. Kusafisha mdomo hapo ni kufuta ushahidi. Matone ya maji asubuhi yasikutishe: lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, na bomba likiwa la baridi mvuke huo hugeuka matone. Moshi mweupe mzito usiokoma injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ndio wa kumwita fundi aangalie gasketi ya silinda hedi.

Kuosha

Fanya kazi asubuhi kabla gari halijawashwa, kivulini, hendibreki juu. Kama limetoka kutembea, lipe saa nzima. Dawa ikigusa chuma cha moto hukauka na kuacha ramani ambayo utaisugua mara mbili. Vaa glovu za mpira. Kwa gari la dizeli usikwangue masizi makavu yakaruka usoni, yaloweshe kwanza. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na masizi ni sehemu ya moshi huo.

Ziba bomba kwa kitambaa ili maji machafu yasirudi kwenye sailensa. Kitambaa hicho kiache mkia mrefu nje, na funguo ya gari ifunge kwenye huo mkia. Kwa namna hiyo huwezi kuwasha gari ukiwa umesahau. Bandika utepe wa karatasi kwenye bampa kuzunguka mdomo, kwa sababu masizi yenye mchanga yanakwaruza rangi vizuri tu, na polishi ya chuma hutia ukungu plastiki nyeusi.

Ndoo ya lita 5, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya vyombo, sponji ya zamani ambayo haitarudi tena kwenye bodi. Osha nje kwanza, ndani baadaye, suuza, kausha. Sasa utaona kilichobaki: lami, oili iliyoganda, kutu. Lami na oili zipake mafuta ya taa kwa kitambaa, subiri dakika tano hadi kumi, pangusa, kisha rudia sabuni mpaka harufu iishe. Petroli usitumie. Hukauka kabla haijalainisha kitu, na cheche moja inatosha.

Mashine ya presha ielekeze kutoka pembeni. Kuiingiza ndani ya bomba kunajaza maji kwenye sailensa, ambayo huoza kuanzia ndani.

Kromu

Hapa mkono uwe mwepesi. Msasa haugusi kromu, wa namba yoyote ile. Vipele vya kutu vitoe kwa karatasi ya alumini ya jikoni: kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kikunje kiwe kitonge, kichovye kwenye maji yenye sabuni kidogo, sugua kwa mizunguko midogo. Alumini ni laini sana ukilinganisha na kromu, kwa hiyo haiikwaruzi, lakini inatosha kung'oa kutu. Utaona uji wa kijivu iliyokolea unatokea. Pangusa, chovya, endelea. Kitonge kikishalainika na kuwa bapa, kata kingine. Kama mkono haukai vizuri kwenye kona, tumia pamba ya chuma namba 0000, iliyo laini kuliko zote, ikiwa imeloweshwa polishi. Stilwaya la jikoni si kitu hicho. Nyuzi zake ni nene na huchora mistari.

Kisha polishi. Autosol hupatikana kwenye maduka mengi ya spea; Brasso nayo inafaa kwa kromu iliyofifia kidogo, ila kwa kutu ni dhaifu. Kiasi cha punje ya mbaazi kwa mdomo mmoja kinatosha. Paka kwa kitambaa laini, sugua bila kukandamiza, pangusa kabla haijakauka, rudia mara moja. Palipobanduka maganda achana napo. Kulazimisha hapo ni kuongeza tundu.

Stenlesi

Stenlesi inavumilia zaidi, na ndiyo inayolipa jasho. Iliyofifia tu haihitaji msasa: polishi punje ya mbaazi, kitambaa cha mikrofaiba, sehemu ndogo ya vidole vitatu kwa wakati mmoja, sugua kwa nguvu dakika mbili. Kitambaa kitakuwa cheusi. Ni sawa: weusi ule ni uchafu pamoja na vumbi la chuma kilichosuguliwa, na unaonyesha kazi inafanyika. Geuza upande safi, pangusa, tazama. Raundi mbili au tatu kwa kawaida zinamaliza.

Yenye vishimo na mikwaruzo mirefu inahitaji msasa wa maji. Anza na 800; namba ikiwa ndogo, msasa huwa mkali zaidi. Shuka hadi 400 pale tu 800 inaposhindwa. Kutoka 800 panda 1000, 1500, 2000, kila wakati msasa ukiwa umeloweshwa maji ya sabuni. Siri ya hatua hizi ni kubadili mwelekeo. Ukisugua na 800 kwa kuzunguka mdomo, sugua na 1000 kutoka nje kwenda ndani, na usihamie 1500 mpaka mistari yote ya 800 iwe imetoweka. Anayeruka namba hukuta mistari imebaki chini ya mng'ao, naye hulaumu polishi. Ila kama stenlesi yako ilitoka kiwandani na mistari ya brashi, isiyo ya kioo, fuata mistari hiyo tu, na usiifanye iwe kioo upande mmoja.

Stilwaya kwenye stenlesi lina kosa lake la pekee. Nyuzi zake ni chuma cha kawaida; chembe zake hujichoma kwenye uso wa stenlesi, na baada ya mvua moja zinaota kutu. Mwenye gari anadhani ameuziwa stenlesi feki, kumbe kutu ni ya stilwaya. Jiki nayo ikae nguoni: klorini hutoboa stenlesi vishimo vidogo. Asidi ya betri na ile ya rimu hukata kromu kupitia nyufa ndogo usizoziona. Na kama mdomo wako ni wa alumini, dawa za kusafishia oveni zenye sodiamu haidroksaidi zitaugeuza kijivu cheusi.

Rangi ya manjano ya majani makavu kwenye stenlesi inatokana na joto, huanza chuma kikifika nyuzi joto kama 300 za Selsiasi. Buluu hutokea karibu na 540. Polishi huiondoa. Mdomo wa gari la kawaida hauchemki kiasi hicho kwa safari za kila siku, kwa hiyo buluu mpya kwenye stenlesi nyeupe ni sababu ya kupima injini: inaweza kuwa petroli inaungulia ndani ya ekzosi, kwa plagi isiyochoma vizuri.

Ndani

Safisha mpaka kidole kinapofika, sentimita tano hadi saba, uache. Ndani zaidi masizi yatarudi siku hiyohiyo na hakuna anayeyaona. Kama ndani kuna kutu, mng'ao hautadumu; afadhali rangi nyeusi ya kuhimili joto ya nyuzi 600, isiyong'aa. Sugua kutu kwa msasa namba 240, pangusa kwa thina, funika ukingo wa nje kwa utepe, puliza koti jepesi mara tatu ukiacha dakika 15 katikati. Koti moja zito huchuruzika na kupasuka likipata moto. Rangi ikishakauka kama kopo linavyoelekeza, washa injini nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, uiache inguruma dakika kumi ili rangi ikaze. Ukingo mweusi kwa ndani hufanya nje ionekane imeng'aa zaidi kuliko ilivyo.

Mwisho osha mabaki yote ya polishi kwa sabuni, kausha, paka kinga. Nta ya bodi ya kanauba huyeyuka kwenye nyuzi 80 na ushee, kwa hiyo hapa haikai. Kinga ya rimu inakaa zaidi. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ya hewani haingoji, na kuosha kwa sabuni kila wiki kunashinda nta yoyote. Wa bara anaweza kwenda wiki mbili, akitoa tope jekundu kabla halijakauka.

Midomo ya kuchomeka ifungue angalau mara mbili kwa mwaka. Kati ya mdomo na bomba hukusanyika maji na vumbi, na hapo ndipo skrubu zinapogandia. Dondoshea mafuta ya kulegeza kutu jioni, fungua asubuhi, safisha pande zote mbili, na paka skrubu grisi ya shaba kabla ya kuzirudisha. Grisi ya kawaida huungua na kuzigandisha upya.