Kura Saba na Mwana-Punda

Kijana mmoja wa Mbale ameniandikia: "Mwalimu, nimeondolewa uongozi wa vijana kanisani. Nifanye nini nisije nikawachukia?" Mdogo wangu, umemuuliza mtu mwenye kidonda chake.

Niliongoza kwaya yetu hapa Kapchorwa miaka tisa. Sare nilizitafuta mimi, kinanda nilikichangishia mimi. Mwaka jana wakapiga kura, nikashindwa kwa kura saba na kijana niliyemtoa sauti ya nne nikamweka ya tatu. Nikawa namwambia kila mtu: asante ya punda ni mateke. Wiki sita sikukanyaga kanisani. Nilisema ni mafua.

Jumapili ya Matawi mke wangu akanivuta. Likasomwa lile la Zekaria 9: mfalme anakuja, mnyenyekevu, amepanda mwana-punda. Nimelisikia tangu utoto, ila mstari wa 10 sikuwahi kuutilia maanani: magari ya vita yanaondolewa Efraimu na farasi Yerusalemu, naye anawatangazia mataifa amani. Farasi ni wa vita. Punda sisi wa milimani tunamjua, anashuka na magunia ya mahindi na hata watoto hawamkimbii. Mfalme aliyempanda huyo haji kuteka mtu.

Nyumbani nikafungua 1 Wafalme 1. Adonia, mwana wa Mfalme Daudi, anajitwalia ufalme kwa magari, wapanda farasi na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake. Ndugu yake Sulemani anapandishwa nyumbu wa baba yao, yule mnyama aliyezaliwa na punda na farasi, na kiti kinakuwa chake. Mimi nilikuwa na kijana wa kunibebea mkoba wa vitabu. Hao 50 sikuwa nao, lakini ningewapata, ningewakataa?

Basi sikiliza. Aliyekalia kiti chako msalimie, tena wewe ndiye uanze. Asipoitikia, msalimie tena. Usihesabu nani alikunyima kura. Mimi nilihesabu, majina ninayo mpaka leo na hayajanipa usingizi. Unamwitaje Kristo Mfalme huku unagombania kiti? Yeye aliwaosha wanafunzi miguu, Yohana 13, huku akimjua msaliti wake ni nani. Tubu, ndugu!

Jumapili iliyopita kijana alianzisha wimbo juu mno, sauti ya kwanza ikakatika. Akageuka, akanitazama. Nikampa noti ya do kwa sauti ya chini, wakasikia watu watatu tu. Mke wangu anasema kanisa zima.