Kona ya Gemu: Migodi inapanda, mapato yanashuka

SWALI: Anko shikamoo. Nacheza OGame, lile gemu la mtandaoni la kujenga migodi kwenye sayari na kutuma meli za angani, kwenye simu maana laptop ya magemu makubwa sina. Mgodi wa metali nimeufikisha levo 12, kristali 10, juzi nikapandisha wa deuteriamu (mafuta ya meli) levo tatu fasta nikajua ndo natajirika, kumbe metali inayoingia kwa saa imepungua! Hii seva inanionea au? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Seva haikuonei, umeme ndo huna. Cheki namba ya nishati pale juu, lazima iko nyekundu. Migodi yote mitatu inakula umeme wa pamoja, na ukipungua hauzimiki mmoja, yote inapunguza kasi kwa kiwango kilekile, yaani kama inahitajika 1,000 na we unazalisha 800 basi kila mgodi unatoa asilimia 80 tu. Na huo wa deuteriamu ndo mlafi, kwa levo ileile unakula mara mbili ya wa metali, so levo zako tatu zimeila metali yako. Pandisha mtambo wa umeme wa sola kwanza. Wakati sola inajengwa, ingia kwenye mipangilio ya rasilimali ushushe deuteriamu hata hadi asilimia 30, utaona metali inarudi palepale.

Ila nakuona unakoelekea, unataka kupandisha levo mpaka mbinguni, kwa hiyo ngoja nikupigie hesabu. Seva ya spidi ya kawaida, bila bonasi yoyote: mgodi wa metali kutoka levo 9 kwenda 10 unalipa metali 2,306 na kristali 576, unaongezewa metali kama 142 kwa saa. Metali uliyotoa inarudi ndani ya saa 16 hivi, safi kabisa. Sasa nenda 19 kwenda 20: metali 133,000 na ushee, kristali 33,000 na ushee, halafu nyongeza ni kama 550 kwa saa. Hapo unasubiri siku kumi metali peke yake irudi, kristali hatujaigusa! Bei ya kila levo ni ya iliyopita mara 1.5, ila uzalishaji haukimbii hivyo, na kadiri unavyopanda ndo pengo linazidi. Hili gemu la Wajerumani lipo toka 2002 na mpaka leo watu wanakomaa na sayari moja, wanaichimba mpaka basi.

We fanya hivi, ukiona levo inayofuata inachukua siku kadhaa kurudisha pesa, peleka nguvu kwenye utafiti wa astrofizikia. Levo 1 inakupa koloni la kwanza, yaani sayari yako ya pili, koloni la pili usilitegemee mpaka ufike levo 3. Meli ya koloni ni metali 10,000, kristali 20,000 na deuteriamu 10,000, inauma, lakini kule migodi inaanza sifuri, zile levo za bei chee unazipata upya. Kama shida yako ni deuteriamu chagua nafasi ya mbali na jua kadiri astrofizikia yako inavyoruhusu (13 inataka levo 4, 14 levo 6, 15 levo 8), kule kuna baridi na baridi ndo inaongeza deuteriamu.

SWALI: Niaje Anko, mimi kwenye hiyohiyo OGame kila nikiamka asubuhi nakuta kuna jamaa amenipitia usiku, metali na kristali zimeenda. Nijenge mizinga mingapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Poa sana. Mizinga jenga kiasi, lakini jiulize kwanza kwa nini unalala na mzigo ghalani. Mvamizi wa kawaida anabeba hadi nusu ya anachokikuta, akirudi anabeba nusu ya kilichobaki, na huyo harudi kwa sababu anakuchukia, anarudi kwa sababu kila akikupeleleza anakuta mali. Kabla hujalala tumia kila kitu kwenye ujenzi. Kilichobaki pakia kwenye meli za mizigo, ile ndogo inabeba 5,000, so mzigo wa 40,000 unataka meli nane, uzitume zikahamie koloni lako lingine kwa kasi ya asilimia 10 ili zifike ukiwa macho. Ukiamka mapema unaziita zirudi. Acha na deuteriamu ya safari, watu wanapakia wee halafu wanakuta mafuta hamna.

Akikuta ghala tupu wiki nzima atatafuta mwingine bana.

SWALI: Ninunue Mada Nyeusi, ile sarafu maalum ya OGame, kwa hela halisi? Nimeanza juzi. (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Bado. Wengi wanaikimbilia ili wamkodi Mwanajiolojia, ofisa wa ndani ya gemu anayeongeza asilimia 10 kwenye migodi. Asilimia 10 ya mgodi wa levo 10 ni kama metali 78 kwa saa, na we hata levo 10 hujafika. Hela hiyo weka bando.